Kivuli, Samadi na Ladha ya Kahawa Yetu

(Hotuba iliyosomwa na mwonjaji wa kahawa mbele ya Mkutano Mkuu, katika sherehe ya Chama Kikuu kutimiza miaka 10)



Walionitangulia wamekwisha kukisifu Chama, na wamekisifu kwa haki. Maana chama kilichodumu miaka 10 bila kuvunjika, tena kikiwalipa wanachama wake, si kitu kidogo katika historia ya ushirika wa nchi hii. Sitayarudia waliyoyasema. Nimeombwa nizungumze juu ya jambo moja ambalo kazi yangu hunilazimisha kulifikiri kila siku, nalo ni hili: ladha ya kahawa hutoka wapi, na ile miti mirefu iliyosimama juu ya mibuni yetu ina sehemu gani katika ladha hiyo.

Msidhani kwamba ni mazungumzo ya kupitisha wakati tu mpaka chakula kiive. Katika vyama vya msingi yako mabishano, nanyi mnayajua kuliko mimi. Upande mmoja wamo wazee wasemao kwamba mti wa babu haukatwi. Upande wa pili wamo vijana wasemao kwamba kivuli ndicho umaskini wenyewe: angusha miti, punguza migomba, panda mibuni juani, tia mbolea ya dukani, nawe utavuna maradufu. Na katikati ya pande hizo mbili husimama mnunuzi wa mbao na chenso yake, ambaye kwa desturi huja Januari, wakati wa kudaiwa mahitaji ya shule. Mti uliokua kwa miaka 40 huanguka kwa robo saa. Leo alasiri Mkutano huu utaulizwa kama Chama kiendelee na mpango wa kahawa ya kivuli isiyotiwa dawa wala mbolea za viwandani, au kiuache. Kwa hiyo yanipasa niseme ninayoyajua, yanayopendeza na yasiyopendeza pia.

Na tuanze na asili ya mti wenyewe. Mbuni wa arabika haukuzaliwa juani. Kwao ni katika misitu ya kusini-magharibi ya Ethiopia, pande za Kaffa, na huko hata leo humea wenyewe chini ya miti mirefu, ukipata mwanga uliochujwa na majani. Wamisionari wa Kikatoliki walipoupanda Kilema mwishoni mwa karne ya 19, haukuikuta milima hii mitupu. Uliwakuta wazee wetu wakilima kihamba kwa namna ambayo mgeni huiona kama vurugu, kumbe ina mpango wake: juu kabisa mfuruanje, mringaringa na msesewe (huo wa mwisho kila mnywaji wa mbege anaujua), chini yake migomba, chini ya migomba magimbi, viazi vikuu na maharage, ng'ombe zizini, na maji ya mfongo yakipita kati. Mbuni uliingizwa katika nyumba iliyokwisha kujengwa, ukapewa chumba kati ya mgomba na gimbi. Mgrivea ulikuja baadaye, nao umepata mahali pake. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua ukulima huu, kwa mfano wa kijiji cha Shimbwe Juu, kuwa miongoni mwa urithi wa kilimo wa dunia. Ni heshima kubwa, ingawa heshima hailipi karo, na hilo nitalirudia.

Sasa nije kwenye kikombe. Kazi ya mwonjaji ni rahisi kuieleza. Hupimwa gramu 8 na robo za kahawa iliyokaangwa na kusagwa, zikamiminiwa mililita 150 za maji ya moto yaliyopoa kidogo baada ya kuchemka. Baada ya dakika 4 hivi mwonjaji huuvunja kwa kijiko ule utando uliopanda juu, hunusa, huondoa povu; kisha kahawa ikipoa kidogo huifyonza kwa sauti kubwa ili ienee ulimi wote na harufu yake ipande puani, halafu huitema. Mgeni akituona kwa mara ya kwanza hudhani kwamba hatukufunzwa adabu. Tunachotafuta ni mambo machache: manukato, uchachu mwema, ule unaofanana na wa chungwa au wa zabibu, si wa maziwa yaliyolala, utamu, na uzito wa kahawa kinywani. Tunachokiogopa ni uchungu uliopita kiasi na ukakasi, yaani ile hali ya ulimi kukauka kama uliolamba ndizi mbichi.

Mambo hayo yote hutokana na punje, na punje hujijaza wakati tunda lingali mtini. Mbuni uliopandwa juani huzaa kwa wingi, na matunda yake hushindana kwa chakula kinachotoka majanini. Joto nalo huliharakisha ganda liive, hata tunda likawa jekundu kabla punje iliyo ndani haijashiba. Mbuni ulio kivulini huzaa kidogo zaidi na kuivisha polepole. Wataalamu waliufanyia jambo hili uchunguzi huko Costa Rica, wakatangaza matokeo yao mwaka 2006: kivuli kilichelewesha kuiva kwa matunda kwa muda uliofika hata mwezi mmoja, punje zikawa kubwa zaidi na zenye mafuta zaidi, na waonjaji wakaona kwamba kahawa ya juani ilizidi kwa uchungu na ukakasi. Huo mwezi mmoja, ndugu zangu, ndio mnaoukuta kikombeni. Si kwamba mfuruanje unatia ladha yake katika kahawa, kama wengine wanavyowaambia wageni wanaokuja kutalii. Mfuruanje unaipa punje muda.

Lakini uchunguzi huo huo ulisema na neno la pili, ambalo wanaosifu kivuli hulipita haraka. Mavuno chini ya kivuli yalipungua kwa asilimia 18. Hesabu hii tuifanye wazi. Mkulima wa juani akivuna kilo 1,000, mwenzake wa kivulini atavuna kilo 820. Ili wote wawili wapate fedha sawa, basi kahawa ambayo juani inauzwa shilingi 100, kivulini yapasa iuzwe shilingi 122. Pungufu ya hapo, yule mwenye kuitunza miti anawalisha wanywaji wa ng'ambo kwa hasara yake mwenyewe, na kijana anayemwambia baba yake akate miti hakukosa akili. Amepiga hesabu tu.

Ni kweli kwamba hesabu hiyo haijatimia. Uchunguzi huo huo ulionyesha kwamba mibuni ya kivulini haikuyumba sana mwaka hadi mwaka, ilhali ya juani huzaa mno mwaka huu na mwaka ujao ikapumzika. Tena kihamba hakizai kahawa peke yake. Mkungu wa ndizi, majani ya ng'ombe, kuni, mzinga wa nyuki, vyote hivyo havionekani katika vitabu vya Chama, lakini mama mwenye nyumba anavijua kwa idadi. Mwaka 2014 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa hapa hapa katika mlima wa Kilimanjaro: mahali ndege na popo walipoachiwa kufika mibunini, matunda yaliyoshika yalizidi kwa asilimia 9 hivi, kwa kuwa hula wadudu, na maua yaliyofikiwa na nyuki yalitoa matunda yenye uzito uliozidi kwa asilimia 7 na kitu. Hao ni vibarua wasiodai ujira, isipokuwa mahali pa kukaa.

Hata hivyo sitaki mtoke hapa mkidhani kwamba kivuli ni dawa ya kila shamba. Wanachama wetu wako wa chini, penye joto na ukame, na wako wa juu, karibu na msitu, ambako wingu hushinda likitanda. Kwa wa chini faida ya kivuli ni kubwa. Uchunguzi mwingine wa Costa Rica, wa mwaka 2001, ulilithibitisha hilo mahali pa chini palipo na joto. Kwa wa juu mambo ni mengine. Huko Colombia, mwaka 2009, wataalamu walitangaza kwamba katika mashamba ya juu kivuli kilipunguza ladha badala ya kuiongeza, kwani baridi yenyewe ilikuwa imekwisha kuifanya kazi ya kuchelewesha. Basi anayewaamrisha wanachama wote wawe na miti idadi moja kwa eka, kutoka barabara ya chini hadi mpaka wa msitu, hajautembea mlima.

Tena kivuli kilichoachwa kikawa giza ni hasara tupu. Unyevu usiokauka hukaribisha chulebuni, ugonjwa uliotambuliwa kwa mara ya kwanza magharibi mwa Kenya mwaka 1922 na ambao tangu hapo umewaliza wakulima wengi. Vichaka vya mibuni isiyopogolewa hupendwa na kimatira, mdudu ambaye katika nchi za Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo huhusishwa na kasoro inayoifanya kahawa inukie kiazi kibichi. Punje moja yenye kasoro hiyo huharibu kikombe kizima. Kwa hiyo kupogoa kuko pale pale. Simama chini ya mbuni wako saa 6 mchana: ukiona madoadoa ya jua yanacheza ardhini, vema, usipoona jua hata kidogo, chukua panga upande juu, ukiona jua tupu, chukua jembe ukapande mti. Wenye shida ya chulebuni na kutu ya majani wanaweza pia kuuliza miche ya aina zinazostahimili magonjwa hayo, zilizotolewa na Taasisi ya Utafiti wa Kahawa kule Lyamungo. Mwenye miche hiyo hana haja kubwa ya kupiga dawa, na huo ndio msaada mkubwa kuliko wote kwa mkulima wa samadi.

Nimetaja samadi, na juu yake nitasema wazi: hati ya kilimo hai haina ladha. Nimekwisha kuonja kahawa zenye hati safi ambazo nisingempa adui, na kahawa zisizo na hati zilizonifanya nirudie kijiko. Samadi na mboji hulisha udongo polepole, huuweka laini ili ushike maji, na majani yadondokayo kutoka mfuruanje huongeza naitrojeni bila kununuliwa. Mti uliolishwa hivyo hauna shibe ya ghafla wala njaa ya ghafla. Faida kwa punje iko hapo, wala si katika karatasi. Na msidhani kwamba kilimo hai hukataza kila kitu. Hata shaba, ule mrututu wa buluu ambao mababu zetu waliupiga mpaka majani yakabadilika rangi, inaruhusiwa, ila kwa kipimo. Umoja wa Ulaya umeweka mpaka wa kilo 28 za shaba kwa hekta katika miaka 7. Sababu ya kuweka mpaka ni kwamba shaba haiozi. Iliyopigwa na babu bado imo udongoni kwa mjukuu.

Karatasi hata hivyo ina soko lake, na soko lina masharti. Mbuni ni mti wa kudumu, kwa hiyo shamba hukaa miaka 3 bila dawa wala mbolea zilizokatazwa kabla kahawa yake haijaruhusiwa kuitwa ya kilimo hai. Katika miaka hiyo mkulima hubeba hasara ya mavuno bila kupata bei. Zaidi ya hayo, kanuni za Umoja wa Ulaya zilizoanza kutumika mwaka 2022 zinataka kikundi kimoja cha wakulima wa kilimo hai kisizidi watu 2,000, nacho kiwe chombo kilichosajiliwa kisheria. Makatibu wanajua maana yake: orodha mpya, wakaguzi wa ndani zaidi, daftari zaidi. Mkutano ukikubali leo, ukubali na gharama hiyo, usije ukasema mwakani kwamba haukuambiwa.

Sasa naja kwenye jambo ambalo kwalo nimekubali kusimama hapa. Kivuli chaweza kuipa punje mwezi mzima, na mwezi huo ukapotea kwa siku moja. Hupotea pale mvunaji anapokamua tawi zima, mabichi na mabivu pamoja, kwa kuwa gari la chama linapita Jumanne tu. Hupotea pale matunda yanapolala guniani usiku kucha yakachacha kabla ya kumenywa. Hupotea katika kuvundika kulikopita saa zake, na juu ya turubai lililotandikwa ardhini badala ya kichanja. Kazi ya kuchagua matunda mekundu, moja moja, kurudi kwenye mti ule ule mara 4 au 5 kwa msimu, hufanywa kwa sehemu kubwa na mama zetu. Na fedha, kama mjuavyo, hulipwa kwa jina la mwenye kihamba. Sitasema zaidi, wazee wasije wakaninyima chakula. Ila nawaambia kwamba mara nyingi nikionja kahawa nzuri kuliko nyingine zote za msimu, nikafuata namba ya gunia mpaka nyumbani, nimekuta ni kihamba ambacho mvunaji hushika sehemu ya fedha mkononi mwake.

Na Chama chetu, kwa namna gani kinamlipa mwenye kuchagua mekundu? Kwa bei moja na yule aliyekamua. Kahawa ya kila mtu humwagwa katika ghala moja, ya kivuli na ya jua, ya juu na ya chini, ikachanganywa, ikapelekwa mnadani Moshi, na bei ikarudi ikagawanywa sawasawa. Sawasawa ni neno zuri la ushirika, nami sitaki kulidharau. Wazee walioanzisha Chama cha Wenyeji Wakulima wa Kahawa wa Kilimanjaro mwaka 1925, na Chama Kikuu cha Ushirika kilichokifuata mwaka 1933, waliungana kwa sababu mkulima mmoja mmoja alipunjwa. Lakini kugawana hasara sawa na kugawana jitihada sawa si jambo moja. Maadamu aliyetunza miti 12 katika kihamba chake analipwa sawa na aliyeiuza mbao, miti itauzwa, na hotuba kama hii hazitaizuia.

Wengine hunijibu kwamba jina la mlima wetu linatosha kutuuzia. Naam, jina linajulikana. Huko Japani jina la Kilimanjaro lilipata kupendwa sana katika miaka ya 1950, na inasemekana kwamba sinema ya Kimarekani yenye jina la theluji ya mlima huu, iliyotoka mwaka 1952, ilichangia. Lakini fahamuni kwamba kwa kanuni za biashara ya kahawa ya huko, karibu arabika yote iliyooshwa ya Tanzania, isipokuwa ya Bukoba, yaweza kuuzwa kwa jina hilo. Ndugu zetu wa Mbinga na Mbozi hulitumia kihalali, na kahawa yao ni nzuri. Hivyo jina si letu peke yetu. Tulicho nacho peke yetu ni kile kilichomo kikombeni.

Liko na jambo la joto. Mwaka 2015 wataalamu walitangaza uchunguzi wa mavuno ya arabika ya Tanzania kwa miaka mingi, wakaona kwamba kila joto la usiku likipanda kwa digrii 1 ya Sentigredi, hekta moja hupoteza kilo 137 hivi za kahawa. Kwa mkulima wetu mdogo hiyo ni sehemu kubwa ya alicho nacho. Wanachama wa chini hawahitaji kusomewa uchunguzi huo. Wao wameona mbuni ukichanua kabla ya wakati na ua likakauka. Kivuli hakitarudisha baridi ya zamani, lakini hupunguza ukali wa jua la mchana na kuzuia udongo usikauke, nacho kwa hao si tena habari ya ladha tu. Mti uliokatwa leo, mche wake ukipandwa kesho, utaanza kufunika mbuni baada ya miaka kadhaa ambayo hatukupewa hakika yake.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naomba Mkutano uzingatie mambo haya pamoja na ile hoja ya alasiri. Kahawa ya wanachama walioandikishwa katika mpango itengwe tangu mizani ya chama cha msingi, iwe na alama yake, ionjwe peke yake na iuzwe peke yake. Na ziada ya bei iwarudie hao walioileta, kwa jina la aliyeivuna pia, ikiwezekana. Gari lipite mara 3 kwa wiki wakati wa msimu. Na uanzishwe mfuko mdogo wa kukopesha ada mwezi Januari, dhamana yake ikiwa miti iliyosimama na kuhesabiwa, ili mnunuzi wa mbao akija akute haja imekwisha kutimizwa. Gharama ya mfuko huo Mtunza Hazina anayo, nami nimeiona. Si ndogo, lakini si ya kututisha. Ikiwa Mkutano hauwezi kukubali hayo, basi kwa maoni yangu ni heri kuuacha mpango wote kuliko kuwaambia wanachama watunze kivuli kwa mapenzi tu.

Pale kwenye meza ya upande wa dirisha kuna vikombe 6, vyote vya kahawa ya msimu uliopita kutoka vyama vyetu vya msingi, viwili vya juani, vinne vya kivulini, kimoja kati ya hivyo vinne kikiwa cha kivuli kizito kisichopogolewa. Sikuandika majina, ila namba. Kila mjumbe aonje kabla ya kupiga kura, na aandike namba aliyoipenda katika karatasi atakayopewa na Katibu. Vijiko vipo vya kutosha, na ndoo ya kutemea iko chini ya meza. Wazee wasione haya kuitumia.